Dawa ya Saa Mbili Asubuhi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Jumapili ulisema kitanda cha kambini kimebonyea katikati na unalala kama ndizi. Mama alicheka, lakini alipokata simu aliniuliza mara tatu kama sauti yako haikuwa ya mtu anayeumwa. Nawasalimu na wenzako wote wa darajani, hasa yule mpishi anayekuita Mzee wa Nondo.

Sisi huku tupo. Nilikuwa nimeandika "hatujambo", nikafuta. Utashangaa kupata barua wakati Jumapili tutaongea. Lakini simu ya Jumapili Mama huifungulia sauti kubwa ili mdogo wangu Mheshimiwa naye asikie, na kuna mambo siwezi kuyasema mbele ya watu wawili. Hata mbele ya mmoja napata shida, unanijua. Dereva wa lori la saruji anapita kesho, nitamkabidhi bahasha hii.

Nianze na Mheshimiwa, maana najua macho yako yanamtafuta yeye kwanza. Miezi mitano tangu madaktari wakate kipande cha ini la Mama na kumpandikiza, jina tulilompa kwa utani limemkaa kabisa. Wiki iliyopita nesi alimwambia afungue mdomo, naye akamwuliza nesi kama amebisha hodi. Ana miaka minne tu, Baba! Mashavu yamejaa kwa sababu ya dawa, na kila mtu humwambia amenenepa, naye hujibu kwamba hajanenepa, ameongezeka.

Mama sasa. Sijui nikueleze vipi. Ukimwona utadhani kuna mtu anamkimbiza ndani ya nyumba. Anaamka kabla yetu sote, anampima Mheshimiwa joto, anampima uzito, anaandika kwenye daftari, halafu anafuta vitasa vya milango. Akimaliza cha mwisho anarudi kwenye cha kwanza. Anakula amesimama, sahani mkononi, huku akitazama kama mtoto anameza. Aliambiwa asinyanyue kitu kizito mpaka kidonda chake kipone, lakini nimemwona akibeba ndoo huku mkono mmoja ameshikilia ubavu. Nikimpokea ananiambia nikasome.

Cherehani ameihamishia nje kwenye korido, kwa sababu daktari alisema vumbi la vitambaa lisimfikie mtoto. Wateja hawakaribii. Anawarushia futi wajipime wenyewe, yeye anasimama mbali anaandika. Juzi yule kinyozi wa chini alirudi na suruali isiyofunga kiunoni, akilalamika kwamba fundi amemshonea mdogo wake. Mama akamwambia alijipima akiwa amevuta tumbo, basi na aivae hivyohivyo akiwa amevuta tumbo. Korido nzima ilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mama akitania baada ya wiki nyingi, na dakika hiyohiyo akaacha kila kitu akakimbia ndani, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa amepiga chafya.

Shangazi naye alikuja na kikohozi, akazuiwa mlangoni. Aliuliza tangu lini kikohozi chake kimekuwa sumu kwa mtoto wa kaka yake. Kama amekupigia kulalamika, naomba umwelewe Mama. Dawa zinazouzuia mwili wa Mheshimiwa usilikatae lile ini zinapunguza pia nguvu yake ya kupigana na magonjwa. Mafua yetu kwake ni jambo jingine.

Baba, Jumapili ya wiki mbili zilizopita Mama alikwambia mtoto alilazwa kwa homa kidogo. Haikuwa homa. Macho yake yaligeuka manjano. Tulimpeleka asubuhi, wakamlaza siku nne, wakamwekea dawa kali kwenye mshipa. Daktari alisema mwili umeanza kulikataa ini, lakini wamewahi. Mama alinikataza kukwambia. Alisema ungetelekeza daraja na kuja kwa miguu, na ukija utafanya nini zaidi ya kusimama? Ametoka wodini, anakula, macho yamerudi meupe. Usiogope. Yaani ogopa kidogo tu, kama sisi.

Tangu siku hiyo Mama hatulii kabisa. Nikitoka shule namkuta anasoma upya daftari kuanzia ukurasa wa kwanza, kidole kwenye mistari, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Jana nilimsindikiza kliniki. Nilikuwa nimekaa na kitabu changu, nikamsikia akimwuliza nesi kwa sauti ya chini kama inawezekana mtoto kupewa kipande kingine kutoka kwa mtu mwenye ini zuri. Nesi alishangaa, akamwuliza kwa nini. Mama akasema huenda lake lilikuwa bovu tangu mwanzo, kwamba pengine amempa mwanawe kitu kibovu. Alisema hivyo huku anamfunga Mheshimiwa kamba za viatu. Mimi niliendelea kufunua kurasa ambazo sikuzisoma.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Unakumbuka ratiba ya dawa niliyoichora kwa rula na kuibandika kwenye mlango wa kabati? Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku, bila kupitiliza hata dakika. Dawa ya asubuhi niliomba niwe nampa mimi kabla ya kwenda shule, na Mama alikubali. Nilijivuna sana. Ila siku ya kupima damu dawa hiyo haitolewi mpaka damu ichukuliwe kwanza, la sivyo kipimo kinaonyesha dawa imezidi mwilini. Hilo nilikuwa nalijua. Siku ya damu ilikuwa Alhamisi.

Wiki moja kabla ya macho kugeuka manjano, hospitali ilipiga simu ikasogeza kipimo kije Jumanne. Mimi nilikuwa shule, na Mama akasahau kuniambia. Jumanne hiyo alipanda juu kuanika nguo. Saa ikagonga mbili, nikavuta dawa kwenye kibomba, nikampa Mheshimiwa, akameza huku amekunja uso. Nilikuwa nimeshika kalamu nitie alama kwenye ratiba Mama alipoingia na beseni tupu. Akasema nisimpe, siku imebadilishwa, anampeleka kupima damu sasa hivi.

Nikaiweka kalamu chini. Ni hivyo tu nilivyofanya, Baba. Niliiweka chini.

Mheshimiwa alisema, "Nimeshakunywa." Alisema waziwazi. Lakini unajua kila siku husema hivyo ili aikwepe, kwa kuwa ni chungu. Mama akamwambia aache ujanja wake, wewe mtoto ungekuwa wakili. Akanitazama akicheka. Nami nikacheka. Kisha nikakiosha kibomba, nikaenda shule.

Huko hospitali daktari alimwuliza Mama kama mtoto amekunywa dawa. Mama akaapa kwamba hajanywa. Damu ilipotoka akampa dozi, kumbe ni ya pili asubuhi hiyo. Kipimo kikaonyesha dawa imezidi mno, daktari akaipunguza. Aliipunguza kwa sababu ya namba niliyoiharibu mimi, na siku saba baadaye macho yakawa manjano. Kumpa ile dawa kulitokana na kutojua, hilo najisamehe kidogo. Lakini kwa kunyamaza kwangu sikupata sababu yoyote. Nilijiambia nitasema jioni, nikajiambia nitasema akitoka wodini. Nilipokaa kando ya kitanda chake niliogopa kwamba nikisema, Mama atanitazama kwa namna ambayo hataweza kuiacha tena.

Lakini nisingeweza kumwacha auchukie mwili wake mwenyewe. Leo nilipotoka shule nilimfuata kwenye korido. Nilisema mara ya kwanza cherehani inakimbia, hakusikia. Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu mtu ameshaacha kazi na anakutazama mdomo.

Hakunipigia kelele. Aliuliza saa ngapi, na kiasi gani. Nikamjibu. Akasema, si kwangu, ni kama anasema na kitambaa, "Kwa hiyo mtoto aliniambia." Alirudia mara mbili. Akaingia ndani, akampigia daktari, akamweleza yote akiwa amenipa mgongo. Nilisikia akiuliza kwa hiyo ini lenyewe ni zima? Akauliza tena, kama mtu anayetaka kuandikiwa. Kisha akaketi sakafuni akiegemea ukuta, simu mapajani, akalia kwa muda mrefu. Mheshimiwa alimletea kanga akamwambia ajifute, asichafue.

Kesho tunapeleka damu tena na daktari atapanga dozi upya. Amesema vipimo vya ini vinashuka vizuri.

Mama hajaniambia kitu tangu hapo. Kabati la dawa amelifunga, na ufunguo ameutundika shingoni kwa uzi wa kushonea. Ametembea nao jioni nzima, na kila akiinama unagonga vifungo vyake nami nausikia. Jumapili akikueleza, tafadhali usiniombee msamaha. Mwache akasirike mpaka amalize. Wewe ukikasirika pia, niandikie, usiseme kwenye simu.

Mheshimiwa anasema ukija umletee nondo moja, ndogo, ya kwake peke yake. Wasalimie tena wenzako, na ule vizuri.

Inakaribia saa mbili usiku. Namsikia Mama anafungua kabati. Leo dawa anampa yeye, ila mtoto ameanza kurusha mikono na mtu mmoja hawezi. Ananiita nikamshike. Hajaita kwa ukali wala kwa upole. Ameita tu, mara moja. Naenda.

Mwanao akupendaye,
Binti wa Vitabu