Watoto wa Nyanzala na Maziwa ya Mayu

Mume wangu mpendwa,

Nyanzala wako amekufa. Naanza na habari hiyo kwa sababu nakujua. Ungeulizia sungura kwanza, watu baadaye. Alizaa salama, watoto sita, akawafunika kwa manyoya aliyojinyofoa kifuani kama alivyozoea. Kesho yake asubuhi nikamkuta amelala kwenye kona ya kizimba, ameshapoa. Sijui kilichomuua. Majani yote alikuwa ameyamaliza. Ulimpa jina la msichana aliyezaliwa wakati wa njaa kwa sababu hakuwahi kukubali kwamba ameshiba, na nilipokuwa namfukia kule nyuma nilicheka kidogo kabla machozi hayajaja.

Nakumbuka siku ulipomleta. Ulishuka kwenye bodaboda umekumbatia boksi la sabuni ulilolitoboa matundu kwa bisibisi. Mayu, mama yako, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mwamapalala. Akakuuliza umeleta nini. "Mifugo, Mayu," ukasema, bila kucheka. Akafungua boksi, akachungulia, akalifunga tena polepole kama mtu aliyefungua chumba kisicho chake.

"Mifugo hii ina masikio tu," akasema. "Inakamuliwa wapi?"

Mafundi wenzako kwenye karakana nao hawakukuacha. "Msukuma mzima unafuga panya!" Wewe ukaendelea kupiga randa. "Ng'ombe zenu mnazilinda hamlali," ukawajibu. "Mimi zangu zinalindwa na misumari miwili na kipande cha waya." Vizimba ulivitengeneza kwa mabaki ya mbao za wateja, ndiyo maana mlango mmoja ni wa mninga kama wa nyumba ya tajiri na wa pili ni wa mbao za kreti la soda. Bado viko vilevile. Ule wa kreti bado unagoma kufunga.

Ulipotoka hospitali kwa mara ya mwisho uliniomba nisogeze kitanda dirishani ili uvione. Nilidhani unataka kuwaangalia tu, kumbe ulitaka kunifundisha. Nikiwa nasafisha, ulikuwa unaongea kupitia nondo za dirisha. Usimshike masikio, mshike chini ya matako. Bariadi nzima ina pamba, lakini usiweke hata kidogo kwenye kisanduku cha kuzalia, nyuzi zitawazunguka watoto miguu; weka nyasi kavu na manyoya ya mama yao, basi. Na lile ulilolirudia mara nyingi: "Sungura si ng'ombe. Mama anaingia kwa watoto alfajiri, labda tena jioni, dakika chache tu anatoka. Mchana kutwa anakaa mbali nao. Usije ukadhani amewakataa. Wewe angalia matumbo yao."

Mayu hakuyasikia hayo. Saa hizo alikuwa nyuma ya nyumba, anakamua.

Unakumbuka alivyokuja? Aliposikia umezidiwa alifika na nguo zake kwenye kitenge kimoja, na siku chache baadaye mdogo wako akamletea yule ng'ombe mwenye baka jeupe usoni, akimswaga kwa miguu kutoka Mwamapalala. Majirani walitoka nje kuangalia. Mayu alisema hawezi kumuuguza mtoto wake kwa maziwa ya kununua dukani, ya kwenye paketi. Kila asubuhi alikuletea kikombe cha bati, maziwa bado yana joto la ng'ombe, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka uyamalize. Uliyamaliza. Ukamwambia matamu. Akitoka na kikombe chake kitupu, mimi navuta beseni lililokuwa chini ya kitanda, nakushika paji la uso, unayatoa yote.

Nilimuuliza daktari pembeni kama yanakudhuru. Alisema hapana, ugonjwa umeshafika pale ulipofika, maziwa yanakuchosha tu. Nikakwambia basi nimweleze Mayu aache. Ukanishika mkono.

"Usimwambie. Hana kitu kingine cha kunipa."

Sikumwambia. Mpaka leo nalisikia beseni lile likiburuzika kwenye sakafu.

Baada ya mazishi watu walipungua, kisha wakaisha, tukabaki mimi na Mayu na ng'ombe na sungura. Kila asubuhi nampigia goti, "Wangaluka, Mayu," ananijibu, "Mhola, ng'wanone," bado ananiita mwanangu, kisha tunaongea habari za chumvi na kuni. Habari zako hatuziongei. Jina lako hakulitaja tena. Akilazimika anasema "yule", na mimi naelewa. Kaka yangu alipiga simu kutoka Mwamanyili. Alisema msiba umeisha, mtoto hatukujaliwa, sasa nabaki Bariadi kumfanyia nani nini? Nirudi nyumbani. Nilimwambia nitafikiria. Mayu alikuwa anapepeta mchele karibu nami, na najua alisikia, kwa sababu ungo ulinyamaza kidogo halafu ukaendelea. Hakuniuliza. Na mimi sikumuuliza kama anataka nikae, maana niliogopa majibu yote mawili.

Ndipo Nyanzala akafa na kutuachia watoto sita wekundu, hawana manyoya, macho yamefumba.

Sungura mwingine aliyekuwa ananyonyesha ni Mkurugenzi. Ulimpa cheo hicho kwa sababu kazi yake ni kukaa nyuma na kupiga mguu chini ukichelewa na majani. Nilimwogopa, nakwambia ukweli. Lakini nilifuata ulivyonielekeza. Nilimtoa nje nikampa majani ya viazi asahau, nikachukua manyoya kutoka kwenye kisanduku chake nikawasugua nayo wale wageni mwili mzima, nikawachanganya na wanne wake, nikasubiri wanukie sawa. Nilipomrudisha aliingiza pua. Akanusa. Akatoka, akapiga mguu mara moja, akaenda kunywa maji.

"Amekataa," Mayu akasema. Alikuwa amesogeza kigoda chake karibu.

"Hapana, Mayu. Huyu akikataa anauma. Hapo amesaini."

Kesho yake alfajiri matumbo yote yalikuwa ya duara, nikaenda kazini kwenye cherehani yangu nikiwa na amani.

Siku zilizofuata ndizo zilizoharibu mambo. Nikiondoka, Mayu alibaki kwenye kigoda, na kitu alichokiona mchana kutwa ni watoto kumi wamerundikana peke yao na mama amewageuzia mgongo. Sisi tuliolelewa na ng'ombe tunajua mama akijitenga na ndama wake maana yake ni nini. Na sikumweleza. Niliona kama kila mtu alikuwepo pale dirishani ukiongea.

Jioni moja nikarudi nikamkuta yule mdogo kuliko wote, wa Nyanzala, ametupwa pembeni ya wenzake. Alikuwa wa baridi. Tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, nyuma amejichafua, na akivuta pumzi unasikia mlio mdogo kama wa bawaba. Nilipomsogeza kwenye mwanga niliona puani kwake ukoko mweupe. Nikanusa. Maziwa. Juu ya kizimba, kile chenye mlango wa mninga, kulikuwa na kijiko cha chai na kikombe cha bati.

Mume wangu, nilisimama pale na yule mtoto kiganjani, na hasira ilinijia yote. Nikageuka. Mayu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ameifunga kwenye kitenge.

"Alikuwa na njaa," akasema. Nakuandikia kwa Kiswahili, lakini yeye alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo. "Wenzake walikuwa wanamkanyaga. Mama yao hakuja tangu jua lilipotoka. Nyumba ina maziwa, ng'wanone. Nimwache mtoto afe na njaa kwenye nyumba yenye maziwa?"

Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni: maziwa ndiyo yanayomuua. Yalikuwa ya kweli. Lakini nilimwangalia anavyokitazama kile kikombe, nikaona nikiyasema mawazo yake yataondoka hapo kwenye kizimba na kwenda moja kwa moja mpaka kwenye kitanda chako. Angehesabu kila asubuhi. Na wewe hupo tena kumwambia ni matamu.

Nikameza. Nikasema, "Mayu, huyu kwanza hataki chakula. Anataka joto. Mimi mikono yangu ina baridi."

Akanyoosha mikono bila kuniangalia. Akamfuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, nyuma na usoni, taratibu kama anavyomfuta ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kisha akamtia kifuani, ndani ya blauzi, akafunga kitenge juu yake. Akakaa hivyohivyo. Alikula hivyo, alisali hivyo. Jirani akapita kuomba moto akamuuliza ana nini kifuani.

"Mjukuu," akasema.

Jirani aliondoka haraka, na nadhani mtaani wanaongea mpaka leo.

Bwana mifugo nilimpigia asubuhi. Alicheka kwanza. "Sungura, mama? Na huyo mmoja tu?" Kisha akaniambia yaleyale yako: joto, usafi, asipewe chochote kwa kijiko, arudishwe kwa anayenyonyesha. Lakini Mkurugenzi akiingia, wale wakubwa walikuwa wanamsukuma huyu pembeni. Ikabidi tumnyonyeshe peke yake kabla ya wenzake. Mimi nilimpakata Mkurugenzi chali kwenye mapaja, anajipinda, anapiga mateke. Mkono wangu una alama ungezicheka. Sikuweza kumtuliza. Mayu akaja, akamfunika macho kwa pindo la kitenge, akaanza kumwambia maneno ya chini chini, yale anayomwambia ng'ombe anayegoma kusimama kwa ndama. Sikuyajua yote. Mkurugenzi akalegea. Masikio yakalala. Nikamweka yule mdogo kwenye chuchu, akatafuta, akapotea, akaipata.

"Kumbe inakamuliwa hapa," Mayu akasema.

Nilicheka mpaka karibu nimwangushe mtoto. Mayu naye akacheka, meno yake mawili yale, halafu kicheko chake kikaisha ghafla, akabaki anamtazama anayenyonya.

"Masunga alikuwa anayatapika," akasema. Tangu mazishi hakuwahi kulitaja jina lako.

Sikusikia vizuri, au nilitaka kutosikia. Akaendelea, mkono wake bado umefunika macho ya sungura. "Maziwa. Nilikuwa nasikia. Nikitoka nasimama pale nyuma ya dirisha, nasikia beseni. Kesho yake nasema leo simpelekei. Nikiingia ananiuliza, Mayu, leo hujakamua? Sasa ningefanyaje? Niliona akinyimwa na hayo ataona nimekata tamaa naye."

"Aliniambia nisikwambie," nikasema. "Alisema huna kitu kingine cha kumpa."

"Sikuwa nacho," akasema.

Nikamweleza ya daktari, yote, neno kwa neno, kwamba maziwa yake hayakukupunguzia hata siku moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama ulisema kweli kuwa ni matamu au ulimdanganya na hilo pia. Nikamjibu ulisema kweli. Uliyapenda tangu utotoni, mwenyewe uliniambia. Ni tumbo tu lililokataa. Akaitikia kwa kichwa, akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia makaburini. Mkurugenzi akashtuka akapiga mguu, na tukalazimika kumtuliza upya.

Yule mdogo amepona. Tumbo lilishuka polepole, mlio wa pumzi ukaisha, na macho aliyafumbua wenzake wakiwa wameshazoea kuona. Ni mdogo bado, na sikio moja halisimami vizuri. Wote kumi sasa wanatoka kwenye kisanduku na kumkanyaga Mkurugenzi, naye anavumilia kwa sura ya mtu aliyeonewa na serikali. Mayu anamwita huyo mwenye sikio la kulala Masunga. Nilimwambia huenda ni jike. Akasema hajali.

Kaka alipiga tena juzi. Nilimpokelea mbele ya Mayu, sikutoka nje. Nikamwambia nitakwenda kuwasalimia Mwamanyili, nitarudi. Akauliza nitarudi kwa nani. Mayu alikuwa amenyoosha mkono, nikampa simu. Walisalimiana vizuri, akamuulizia watoto na mashamba, kisha akasema, "Baba, huyu nina kazi naye," akanirudishia.

Asubuhi hii alikamua kama kawaida. Nilisikia hatua zake, nikadhani anakwenda kwenye vizimba, nikatoka haraka kumzuia. Alikuwa ananifuata mimi. Alikuwa na kile kikombe cha bati, maziwa yanatoa mvuke, akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wako, akasubiri.

Unajua maziwa mabichi siyapendi. Nimeyanywa yote, mume wangu. Nimemwambia matamu. Na yamekaa.

Lala salama. Mlango wa kreti nitautafutia bawaba mpya.

Mkeo