Mwanga Juu ya Mama Nekesa

Jumamosi, Julai 1996. Baridi ya kuingia mifupani, manyunyu tangu alfajiri, na jua halijaonekana kabisa.

Nimechoka. Nimechoka hata kuvua viatu nimeshindwa. Nimekaa navyo kitandani nikiandika haya, na udongo wa kanisani bado umeganda visiginoni.

Leo tumemuaga Mama Nekesa. Lori limeondoka naye mchana kwenda Bungoma, na mume wangu Barasa amepanda nyuma pamoja na wanaume watakaochimba kaburi. Mimi sikupata ruhusa kazini ya kukosa Jumatatu. Kwa hiyo nimebaki na jiko lisilowashwa na hizi kuta zangu.

Kuta zangu zina habari yake. Kazi yangu ni kufagia na kupika chai katika ofisi ya wachoraji wa ramani za majengo, huko mjini. Magazeti yao ya picha wakishayasoma huyatupa, nami huomba niyachukue. Barasa huyabandika kwa gundi ya unga wa ngano ili upepo usipenye kwenye mabati. Ndivyo majengo mazuri ya dunia yalivyohamia huku kwetu mabandani, Mukuru kwa Reuben. Juu ya kitanda kuna kanisa la Ethiopia lililochongwa ndani ya mwamba, kutoka juu kwenda chini, kana kwamba watu walikuwa wakichimba kisima wakakuta sala. Karibu na mlango kuna msikiti wa udongo wa huko Mali, ambao watu wa mji huukandika upya kila mwaka kwa mikono yao. Kuna hekalu la mbao la Wajapani. Kuna nyumba iliyojiviringa kama konokono, nyasi zimeota juu ya paa, na nyingine ya Marekani iliyojengwa juu ya maporomoko ya maji. Hiyo ya mwisho Barasa huicheka.

"Hata sisi mvua ikinyesha tunakaa juu ya maji," husema, "na hakuna anayekuja kutupiga picha."

Mimi hucheka naye, halafu huendelea kutazama.

Kanisa letu liliungua mwanzoni mwa mwaka. Moto ulianzia kwenye nyumba za jirani, na upepo ukafanya yaliyobaki. Hatukuokoa kitu ila mabenchi mawili na ngoma. Jumapili iliyofuata tuliabudu tukiwa tumesimama juu ya majivu, na baada ya ibada tukakaa kujadili namna ya kujenga.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimebandua picha moja ukutani, taratibu, kwa kisu cha jikoni. Ilikuwa ya kanisa dogo la nchi fulani ya baridi, jina lake siwezi kulitamka. Kuta zake hazina dirisha hata moja. Mwanga unaingia kutoka juu tu, unateremka kama maji mpaka sakafuni. Nikaipitisha picha mkono kwa mkono. Nikasema kanisa letu la kwanza lilikuwa giza kama ghala, na kama tunaanza upya, basi tuanze na mwanga.

Mzee Makokha, mzee wetu wa kanisa, ambaye ni mlinzi katika kiwanda kimoja pale Industrial Area, alitazama picha ile kwa muda mrefu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka kama mimi.

"Dada Rael," akasema, "hapa si Ulaya. Hapa Reuben, dirisha ni mlango wa mwizi. Tupate kuta, paa na kufuli. Hayo mengine ni mapambo."

Watu wakaitikia. Nikakaa. Nilikuwa nimeshaikunja ile picha aliposimama Mama Nekesa.

Alikuwa mjane, muuza mboga, mwanamke mfupi wa sauti kubwa. Siku ile hakuipaza.

"Mume wangu mlimuagia hapa," akasema. "Mnakumbuka? Watu walijaa mlangoni, giza likawa giza. Mtu akashika koroboi juu ya sanduku ili nimwone. Nusu ya uso wake niliiona. Nusu nyingine ilikuwa kivuli, na moshi ukaniingia machoni, nikaambiwa nipishe wengine. Mpaka leo nikimkumbuka, nakumbuka nusu. Mnaniambia mwanga ni mapambo?"

Mzee Makokha aliinamisha kichwa.

Ni Mutiso, fundi wetu, Mkamba mpole asiyependa mabishano, aliyesema kioo hakifai lakini kuna mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Angeweza kuyaweka juu kabisa, katikati ya paa, mahali ambapo mwizi hafiki bila ngazi. Mzee Makokha akasema, "Basi weka." Mambo yakaishia hapo.

Tulijenga kila Jumamosi. Wanaume walisimamisha miti, sisi wanawake tukakandika udongo. Mama Nekesa alikuwa kando yangu, akikohoa na kukataa kwenda kupumzika. Siku moja nilimsimulia habari za ule msikiti wa Mali, jinsi mji mzima hutoka, wanawake wakibeba maji, vijana wakipanda ukutani na udongo. Alisimama, mikono imejaa matope hadi kwenye viwiko.

"Kumbe na wao wanakandika kama sisi," akasema. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Kifua hicho ndicho kilichomuondoa. Paa lilikuwa limeshapigiliwa. Sakafu ilikuwa bado. Alilala hospitalini siku chache tu. Wiki hii yote, nikitoka kazini, nilipitia kanisani kushindilia sakafu pamoja na kina mama wengine, maana tulikataa alazwe juu ya mavumbi. Mgongo wangu leo si wangu.

Nekesa, binti yake, alifika jana kutoka Malaba alikoolewa. Hakuwa amemwona mama yake tangu wamzike baba. Asubuhi ya leo sanduku lilipofunguliwa, alibaki mlangoni, khanga mdomoni.

"Sitaki," aliniambia nilipomfuata. "Nataka nimkumbuke alivyokuwa."

Sikumlazimisha. Nilisimama naye tu, kwa sababu hata miguu ya kurudi ndani sikuwa nayo.

Ningependa kuandika kwamba jua lilitoka. Halikutoka. Mwanga ulioshuka kutoka paani ulikuwa wa kijivu, mwanga wa Julai, usio na joto wala fahari. Lakini ulitosha. Watu walipita mmoja mmoja, bila koroboi, bila kuinama wala kukodoa macho, kila mtu akasimama kadiri alivyohitaji. Nekesa aliwatazama wakipita. Kisha akanishika mkono, tukaingia.

Alimtazama mama yake kwa muda mrefu sana.

"Ana mvi kwenye nyusi," akasema polepole. "Dada, mama yangu amekuwa na mvi kwenye nyusi tangu lini?"

Sikujua. Nilifanya kazi kando ya mwanamke yule miezi yote hiyo na sikuwahi kuziona. Nekesa akaunyoosha unyusi mmoja kwa kidole gumba, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule, ndipo akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, na hakuna aliyemwambia apishe wengine.

Wakati lori linawashwa, Mzee Makokha alinijia. Nilidhani anataka kuuliza habari za chakula. Akasema, "Dada Rael, na mimi siku yangu ikifika, mniweke palepale." Akaondoka kabla sijajibu.

Nekesa naye alikuwa ameshaketi mbele, karibu na dereva. Akainama dirishani.

"Nimeambiwa lile bati la juu ni wewe uliyelitaka."

Ningeweza kukubali. Picha ilikuwa yangu. Lakini siku ile mimi nilikuwa nimeshakaa, nimeikunja.

"Ni mama yako," nikamwambia. "Aliwaambia habari za baba yako, na watu wazima wakanyamaza."

Akafunga macho. Lori likaondoka.

Sijui kama hao wanaojenga makanisa ya mwamba na nyumba za maporomoko huwa wanajua nani atakuja kusimama ndani, na kwa huzuni gani. Sisi tulijua. Labda ndiyo sababu nimechoka hivi.

Kesho ni Jumapili. Nitakwenda kanisani mapema, nami sitabeba maji wala udongo. Nitakaa tu.