Maombi Yangu Yamesikika Darasa Zima

Dada, nimeaibika. Maiki ilikuwa wazi.

Leo jioni, kwenye darasa la mtandaoni la kuandika programu za kompyuta, mwalimu alisema programu yangu ikigoma tena ananirudisha kwa wanaoanza. Ikagoma.

Nikaishika kompyuta kwa mikono miwili, nikamweleza Mungu mstari kwa mstari: "Baba, hapa inaita majina ya wanafunzi. Hapa inaanza na wa pili… Baba, mbona wa pili?"

Wote wamesikia, dada. Wote.

Mwalimu akasema, "Mama, usiseme amina kwanza. Rekebisha."

Nikarekebisha ianze na wa kwanza, ikakubali. Nimebaki.

Sasa mwalimu kasema kila mtu lazima aeleze mistari yake kwa sauti kabla ya kumwita. Yule fundi simu wa darasani anayenicheka kila siku kaniandikia pembeni: "Mama, niombee na mimi, nimekwama mstari wa tisa."