Nilimtukana Mtani Wangu Mbele ya Mgeni wa Chuo Kikuu

Mpendwa Bi Eustadia,

Nakuandikia nikiwa sina hamu ya chakula wala ya kazi, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi ya nilivyokwisha kuharibu, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii maana jambo lenyewe ukilikata halieleweki. Majina nitakayoyataja siyo yao ya kweli.

Mimi ni Mzaramo, fundi cherehani, nina kibanda hapa Gongoni, Tabora, toka niliporudi kutoka Bama kupigana na Wajapani katika vita kuu, nimeoa hapa hapa na watoto wangu wanajua Kinyamwezi kuliko Kizaramo, na katika mji mzima hakuna mtu niliyemzoea kama Mwalimu Kashindye. Yeye ni Mnyamwezi, Mkristo wa Moravian, amestaafu ualimu, na maisha yake yote amekuwa akikusanya nyimbo za wapagazi, yaani zile walizoimba wazee wao walipobeba pembe za ndovu toka Ujiji mpaka Bagamoyo, ameifuata njia ile ya misafara kwa miguu, kijiji kwa kijiji, akiwabembeleza wazee na bibi vizee wamwimbie, na leo ukitaka kujua wapagazi waliimba nini walipokosa maji Ugogo, au waliimba nini mwenzao alipofia njiani, utakwenda kwake.

Nawe wajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani huo tuliuokota katika misafara hiyo hiyo. Basi mji mzima ukimwona humwamkia, "Shikamoo mwalimu," mimi peke yangu humwambia, "Wewe mtumwa wangu, nani kakufungua kamba?" naye hunijibu, "Nimekuja kukufundisha kuvaa, maana Mzaramo nguo alizikuta kwetu." Akifika kibandani huchukua kofia yangu akaenda nayo, nami nikifika kwake nakamata kuku bila kuomba. Alipofiwa na mwanawe wa kiume mimi ndiye niliyeingia kaburini kabla ya maiti, nikalala chali nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo, na yule mzee katikati ya machozi akacheka, na baadaye aliniambia kwamba asingecheka siku ile angekufa. Nakueleza haya ili ujue kwamba nampenda.

Sasa sikiliza balaa. Mwezi uliopita alikuja kibandani Mzungu mmoja mtu mzima, mpole, amefikia nyumba ya wageni ya serikali, Kiswahili chake ni kile safi cha kitabuni, akaleta suruali nimpunguzie miguu, akakaa kwenye benchi pamoja na watu wa barazani, nikamwagizia chai. Katikati ya mazungumzo akaniuliza kama namfahamu Mwalimu Kashindye, na kama ni mtu wa namna gani.

"Kashindye?" nikamwambia. "Yule ni mtumwa wa babu yangu! Alitukimbia na mzigo wa pembe karibu na Bagamoyo, tunamtafuta mpaka leo."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Mgeni akauliza, "Na hizo nyimbo anazozikusanya?"

"Nyimbo gani, bwana! Zote amemwibia bibi yangu. Bibi anaimba ndani, yeye yuko nyuma ya nyumba kaweka sikio ukutani. Kusoma kwenyewe hajui, kitabu anakishika kichwa chini miguu juu."

Bi Eustadia, niliona hacheki. Sitakuficha, niliona, lakini watu walikuwa wanacheka na mimi nilikwisha kunogewa, nikaongeza na mengine yasiyoandikika gazetini. Yule bwana akaacha chai yake nusu, akanishika mkono, akanishukuru kwa kumwambia ukweli, akaondoka.

Siku chache baadaye akaja Mwalimu Silasi, mzee wa kanisa, ambaye Kashindye alimfundisha tangu a-e-i-o-u. Akawaomba watu wa barazani watupishe, akakaa karibu na cherehani.

"Fundi, nakwambia wewe kwa kuwa ni mtu wake. Lisitoke nje."

Akanieleza kwamba kuna chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, na chuo hicho kila mwaka hutoa digrii za heshima, digrii ambazo mtu hapewi kwa kufanya mtihani bali kwa kazi ya maisha yake. Mtu hajiombei, akijiombea amejifungia mlango. Sharti mwingine apeleke jina lake kwa siri, na mwenye jina asijue lolote, ili akikataliwa asiaibike. Kisha chuo hutuma watu waulize kimya kimya ni mtu gani, kazi yake ni ya kweli, tabia yake vipi, na wale wazee wa chuo hukaa katika baraza lao wakapiga kura. Silasi ndiye aliyelipeleka jina la Kashindye. Yule Mzungu wa suruali ni profesa wao.

"Sasa mtu mmoja wa hapa mjini," akasema Silasi, "amemwambia profesa kwamba mwalimu ni mwizi wa kazi za watu. Kwa wasomi hilo ni kosa lisilosameheka. Akilifikisha hivyo kwenye baraza la chuo, jina limekufa, na halitapelekwa tena."

Nikauliza, "Nani huyo?"

"Hataki kumtaja, ndio utaratibu wao. Amesema tu ni mtu anayemjua mwalimu vizuri sana. Nitamtafuta, fundi. Na wewe utanisaidia, wewe hapa unasikia kila kitu."

Nikamwitikia kwamba nitamsaidia. Mungu anisamehe, nikamwitikia.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kushtuka. Waliokuwa barazani siku ile wote walisikia, na siku Silasi akimwuliza mmoja wao nimekwisha. Profesa amekwenda Ujiji kwa njia ile ya zamani, anapita akiwauliza watu, na mwisho wa mwezi atarudi hapa Tabora kupanda treni ya pwani, akishapanda ndiyo basi. Nikimwambia Silasi ni mimi, atanitangaza mji mzima, na watu watasema Mzaramo wa kuja ameliua jina la mtoto wa Unyamwezi. Nikimwambia Kashindye, nimeitoboa siri ya chuo na huenda nikamalizia kuharibu. Mama watoto asema ninyamaze, maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini kunyamaza nako nimekushindwa, maana mzee bado anakuja. Anasimama mlangoni anangoja nimtukane, nami ulimi hauinuki, namwambia, "Karibu, mwalimu." Wiki iliyopita akaniuliza, "Mtani, siku hizi hunitukani. Nimekukosea nini?" Nikasema nina homa. Na juzi, Bi Eustadia, juzi akanirudishia kofia yangu. Ameifua, ameikunja, akaiweka juu ya cherehani, akasema, "Habari za asubuhi, fundi," kama anavyomwambia mtu yeyote wa sokoni, akaenda zake.

Nifanyeje?

Mimi, Mtani Mkosefu,
Gongoni, Tabora.


JIBU LA BI EUSTADIA

Wewe mtumwa wangu, kaa chini nikuseme.

Umetabasamu? Najua umetabasamu hata na huzuni zako, maana mimi ni Mnyamwezi wa Nzega, na wewe ulikuwa mtani wangu kabla hujabandika stempu. Lakini mstari ule angeusoma mgeni wa ng'ambo, angesema Eustadia ni mwanamke katili asiyefaa kupewa kalamu. Profesa wako alisikia maneno yako hivyo hivyo, hakukosea masikio.

Nakuhurumia, fundi. Hukuambiwa unaulizwa kwa nini, na hao wa chuo nao wana lao la kujibu. Wanataka kumjua mtu, wanakwenda kwa kila mtu ila mwenyewe, basi wangeuliza kwanza huyu anayejibu ni nani wake. Ningekuwa mimi katika baraza lao, kabla ya kuuliza juu ya tabia ya mtu wa Tabora ningeuliza watani wake ni kina nani.

Nimekwisha kukuhurumia, sasa usikie mengine. Uliona hacheki. Umeliandika kwa mkono wako, na hapo ndipo penye kosa. Utani una watu wawili wanaoujua, na akiketi wa tatu asiyeujua, mtu mwenye akili humweleza au hunyamaza. Wewe ulimwona kakunja uso ukaendelea, kwa sababu baraza inakuchekea vizuri. Uliuza jina la rafiki yako kwa kicheko cha watu wa benchi, tena watu wanaokuja kwako kunywa chai ya bure.

Hata hilo ningelisamehe, ulimi hauna mfupa. Lakini Silasi alipokuja na jambo lake, wewe uliyekuwa unamjua mtu huyo ukauliza, "Nani huyo?" Mpaka pale ulikuwa mtani aliyepitiliza. Toka pale umekuwa mwongo, na uongo huo ndio unaokunyima chakula, wala usimsingizie profesa.

Mkeo mwambie nimemsikia, na nimekataa. Maji hayazoleki, lakini haya yako hayajamwagika yote, yako kwenye kichwa cha mtu mmoja aliyeko Ujiji, na mtu huyo anarudi.

Nimemwuliza mtu mmoja aliyesoma katika vyuo vya namna hiyo. Anasema ushahidi mbaya hujibiwa, ila ujibiwe kabla baraza halijakaa, na kwa mkono wa yule aliyelipeleka jina. Kwa hiyo huna njia ya kumkwepa Silasi. Ukimaliza kusoma barua hii funga kibanda, uende kwake, umwambie, "Mtu unayemtafuta ni mimi." Usianze na maelezo ya utani, anza na hilo. Atakufokea. Mwache afoke, ana haki, na usimjibu kwa mzaha hata kidogo. Akitaka kukutangaza, akutangaze. Wewe unaogopa kuitwa Mzaramo wa kuja, na mwenzako anaitwa mwizi na hajui. Akishapoa mwombe jambo moja tu, kwamba profesa akishuka Tabora amlete kibandani kwako kabla ya treni.

Na hapo usimhubirie profesa habari za utani. Msomi ukimweleza atadhani umetishwa ukageuza maneno. Mwonyeshe. Silasi amlete na Mwalimu Kashindye siku hiyo hiyo, kwa sababu yoyote atakayoona, wakae kwenye benchi lile lile. Wewe mtukane mzee mbele ya mgeni, yale yale ya pembe na ya bibi yako, kisha nyamaza, ukae kimya kama anayenyolewa, mwache akutukane mpaka achoke. Profesa atamwona mwenye kuitwa mwizi akicheka kuliko wote. Kisha Silasi ampeleke profesa kijijini Kwihara, hapo jirani, kwa bibi vizee walioimba nyimbo hizo, wamwambie kwa vinywa vyao kama waliibiwa au waliombwa.

Habari ya digrii usimguse nayo mzee. Siri hiyo si yako, ni ya chuo na ya Silasi. Baraza likishakaa, likisema ndiyo au hapana, ndipo umweleze yote, na ulipe faini ya utani kwa kuku wa kumshibisha. Lakini kofia si siri ya chuo. Kofia mrudishie leo. Pita kwake njiani ukienda kwa Silasi, mtupie mlangoni, umwambie mtumwa hakunji kofia ya bwana wake, na kamata kuku ukitoka. Amengoja muda mrefu, maskini, akidhani yeye ndiye aliyekosa.

Uliingia katika kaburi la mwanawe ili baba asife kwa huzuni. Ulijua kazi yako siku ile. Mtani humzika mtani wake akifa, fundi, na wewe wako umemzika yungali hai. Nenda kamfukue.

Eustadia


Mhariri: Barua hii ilijibiwa kwa posta miezi mingi iliyopita. Tunaichapa leo kwa kuwa baraza la chuo limekwisha kukaa, jina limepita, na wahusika wote wawili wametupa ruhusa. Mzee ameomba tuongeze neno lake: kwamba kitambaa cha joho la digrii yake hatampa fundi Mzaramo alishone, maana jamaa hawa tangu zamani hukimbia na mzigo.