Gololi ya Trei ya Kulia

Jumatatu, 12 Mei 2025

Kipkemoi amekuja. Nilisikia lango nikadhani ni mpwa wangu Cheptanui anarudi na maziwa. Kumbe ni mwanangu, na nyuma yake fundi Makhanu, na nyuma yao mkokoteni uliobeba gia boksi iliyofunikwa gunia. Mara ya mwisho kufika hapa Bahati ni siku tuliyomzika mama yake. Akanisalimu, akauliza miguu inaendeleaje. Imevimba, nikamwambia, maji yamefika magotini. Akatikisa kichwa, kisha akaenda kuitazama pikapu.

Sijidanganyi. Amekuja kwa ajili ya pikapu. Mimi mwenyewe nilimwambia kwa simu: ukiifufua ni yako. Daktari hakunificha kitu. Moyo umechoka, Krismasi siioni. Gari la nini tena? Yeye amepata kazi ya kusomba mbegu za viazi Mau Narok, anakoishi na mkewe Cate. Likitembea tu, ataondoka nalo.

Makhanu alipochungulia ndani na kukosa klachi alicheka. Pikapu ya otomatiki! Akasema hiyo ni gari ya mathe, mama tajiri wa Milimani, akienda saluni. Kipkemoi akamnong'oneza kwamba mguu wangu wa kushoto ulikufa zamani, klachi siiwezi. Fundi akaja kuniomba msamaha, kofia mkononi. Sikuudhika. Watu wamecheka miaka yote.

Jumanne, 13 Mei

Boksi lililoletwa haliingii. Ni la gari la aina hiihii, lakini mkia wake ni mrefu, wa gari linalovuta kwa magurudumu yote. Makhanu hakukata tamaa. Tutatoa matumbo ya hii tumeleta ya ex-Japan, alisema, tuyaweke kwa ngozi ya ile ya zamani.

Nami nikapewa kazi. Kipkemoi ndiye aliyesema: mzee alifundisha fizikia, apange vipande. Cheptanui akaleta trei mbili za mayai. Ya kushoto, vipande vya boksi letu lililokufa. Ya kulia, vya boksi lililoletwa. Kila kishimo, kipande kimoja. Nilikaa verandani, blanketi magotini, kioo cha kukuzia maandishi mkononi. Nasoma namba zilizogongwa kwenye chuma, Kipkemoi anaosha kwa mafuta ya taa, ananipa kingine. Vinafanana kama mapacha. Inabidi uguse, upime, ulinganishe tena.

Alisema: "Bila wewe tungechanganya hivi vitu vyote, Baba."

Hajaniita Baba kwa sauti ile tangu alipokuwa anabebwa mabegani.

Alhamisi, 15 Mei

Wamefunga, wamewasha, wamejaribu barabarani. Haifai. Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inaachia — injini inalia, gari halivutwi — kisha inapiga teke. Makhanu alitukana, akanikumbuka, akaomba radhi. Lazima boksi lishuke tena. Kipkemoi alimpigia tajiri wake akamsihi angoje.

Sasa niandike lililonileta kwenye ukurasa huu. Ndani ya boksi mna sahani nzito ya chuma iliyochimbwa njia za oili, kama mitaro shambani. Valvu bodi, na tuliyofunga ni ya boksi lililoletwa. Ndani ya mitaro hiyo hukaa gololi ndogo za chuma, kila moja ikiziba tundu lake oili isipotee. Jana Makhanu aliniuliza gololi hizi ni za trei gani. Za kulia, nikamjibu. Akaniamini.

Leo mchana Cheptanui alikung'uta blanketi langu, kitu kikaanguka sakafuni, kikabingirika hadi kwenye fimbo yangu. Gololi. Nilichukua washa moja kuukuu, pete ya chuma ya kukazia nati. Gololi za trei ya kushoto zinapita kwenye tundu lake. Hii haipiti. Ni kubwa kidogo, kwa unene wa karatasi labda. Basi ni ya kulia. Basi moja ya kushoto ndiyo iliyofungiwa ndani, na oili inavuja pembeni yake.

Ni macho yangu. Yamekufa, nami sikutaka mtu ajue.

Nilifungua mdomo nimwite Kipkemoi. Alikuwa tayari anakuja, vikombe viwili mikononi. Akakaa. Akaniambia habari za binti yake, kwamba wamempa jina la bibi yake, Jepkemboi, na kwamba hulala mkono ukiwa chini ya shavu kama marehemu. Sikuwa nimeambiwa hata kwamba amezaliwa.

Nikaitia gololi mfukoni. Nikajiambia, kesho.

Ijumaa, 16 Mei

Wamefungua. Makhanu analaumu oili, chujio, gasketi. Akaniuliza kama gololi zote zilikuwepo. Idadi ilikuwa kamili, nikasema. Na ni kweli. Nilifundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba jibu sahihi lenye nia ya kupotosha ni kosa. Niliwachapa kwa hilo.

Sikusema.

Jumapili, 18 Mei

Mvua. Hakuna aliyekwenda kanisani. Kipkemoi alininyoa ndevu. Alinishika kidevu kwa vidole viwili, taratibu, akinigeuza uso kama mtu anayetafuta namba kwenye chuma. Gololi ilikuwa mfukoni, nikaihisi kila nilipovuta pumzi.

Nimemnunua mwanangu kwa kipande cha chuma. Na siku hizi nilizoiba hata hazina ladha. Akicheka nasikia injini ikilia bila kuvuta. Ee Mungu, uzee ni umaskini wa ajabu — hata upendo unauchukua kama mwizi.

Jumatano, 21 Mei

Wamelifunga boksi mara nyingine. Yaleyale. Linaachia, linapiga teke.

Kipkemoi alimgeukia Makhanu. Akamwambia yeye ni fundi wa wilbaro, ufundi wake alijifunzia kwa mikokoteni ya sokoni. Makhanu alipangusa mikono, kidole kimoja kimoja, akaja hadi ngazi ya veranda.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilifunga vile wewe ulipanga. Kama nilikosea, sema mbele ya huyu kijana wako."

Nikakohoa. Wakakimbia kuleta maji, wakaniinamisha, wakanipapasa mgongo, Makhanu mwenyewe akanishikia kikombe. Kikohozi kilikuwa cha kweli mwanzoni. Mwanzoni tu.

Alikusanya spana zake akaondoka kwa miguu, mvuani. Mtu mzima, na jina lake nimelichafua mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Tajiri wa viazi amechoka kungoja. Asipofika kesho, kazi anapewa mwingine. Kipkemoi ameamua: atakwenda na gari hivyohivyo.

Makhanu alirudi jioni. Hakuitwa. Alisimama nje ya lango, akakataa kuingia, akamwambia Kipkemoi atapanda salama akienda polepole. Lakini kushuka na mzigo, boksi likiachia pale kwenye mteremko wa Mau Narok, breki pekee haitamshika. Gari litakuwa jiwe. Kipkemoi akacheka kidogo, akasema atakuwa mwangalifu, boss, asante. Sikuweza kumtazama yeyote.

Kisha akaja kwangu na kuchuchumaa. Anataka kesho nibariki pikapu kabla haijatoka. Kama babu, alisema. Anakumbuka! Alikuwa mdogo sana baba yangu alipobariki trekta letu. Mzee alisimama mbele yake, akakunjua viganja vyote viwili, akavigeuza huku na huku ili kila mtu aone kwamba hakushika kitu. Ndipo akatema mate ya baraka kwenye usukani. Mkono wenye siri, alituambia, ukibariki unalaani.

Nikamwambia sawa.

Jumamosi, 24 Mei

Ukungu. Pikapu iko langoni, injini inawaka. Nimeiona kutoka dirishani: godoro, jiko, gunia la mahindi ya Cate. Kipkemoi amevaa koti langu la zamani. Linamkaa.

Nimevaa shati jeupe. Cheptanui alinifunga vifungo, vidole vyangu haviwezi. Nimejaribu kuona njia nyingine. Kwamba nimwambie Makhanu peke yake. Kwamba nife kwanza na barua ibaki. Kwamba pengine boksi litavumilia, chuma hustahimili. Nimezipima zote kwa washa ile, hakuna inayopita.

Akijua, hatanisamehe. Namfahamu, ni mwanangu. Si kwa gololi — kwa kile kikohozi. Atamrudia Makhanu kuomba msamaha, na mimi nitabaki hapa na Cheptanui na miguu yangu hadi mwisho wangu. Hatakuja tena isipokuwa kuzika. Na binti yule, Jepkemboi, sitamwona akilala.

Asipojua, kuna mteremko.

Nilimwita kutoka kitandani. Sauti haikufika hata mlangoni. Amepiga honi mara moja. Anadhani nachelewa kwa sababu ya miguu. Nimemtuma Cheptanui amwambie azime gari kwanza, aje ndani peke yake. Ameniangalia sana, kisha ameenda.

Nimetoa gololi mfukoni na kuiweka kwenye ukurasa huu. Imeacha alama ya oili. Haitulii, inabingirika hadi kwenye mshono wa daftari na kukaa pale.

Injini imezimwa. Kumbe pana ukimya wa namna hii hapa.

Buti zake ziko kwenye veranda. Anazikung'uta matope, mguu mmoja, mguu wa pili, kama mama yake alivyomfundisha. Anasema, "Baba, uko tayari? Leta mikono basi."

Sijaifunika gololi. Akiingia ataiona