Tano na Nusu, Hatua Kumi na Mbili

Jumamosi, 6 Septemba

Sungura amelia leo. Miaka minne nawinda na sikuwahi kujua kuwa sungura hulia! Sauti ya mtoto mchanga kabisa. Nilimlenga kichwani, akageuka, kidonge cha bunduki kikamwingia kiunoni. Akajiburuta mpaka kwenye ua wa miiba. Karibu robo saa namtafuta, magoti chini, mikono inachuruzika damu, naye analia tu. Nikampata, nikamchinja. Bismillahi nimeitaja, lakini ulimi ulikuwa mzito — kama mtu anayeomba ruhusa baada ya kuiba.

Kosa ni langu. Na ni la hii bunduki ya upepo. Ya nne na nusu — milimita nne na nusu, huo ndio unene wa kidonge chake. Punje ya choroko! Ya kutishia panya hii.

Kuacha siwezi. Daktari amemkataza Mama nyama nyekundu kwa sababu ya presha. Kuku humwasha mwili mzima. Samaki hamtaki hata kwa harufu. Imebaki ya sungura. Na Mama tangu ujana wake hali nyama ambayo hamjui aliyeichinja. Wamebaki wachinjaji wawili anaowaamini: kaka na mimi.

Nimemsimulia kaka. Amecheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Sindano," — ndivyo anavyoniita tangu nianze ushonaji — "ulikuwa unamwinda au unampima suruali?" Halafu akapiga kifua. Sungura wake hawalii, eti. Bunduki yake ni ya sita na ushei. "Puu! Kalala."

Mama akaitikia kutoka jikoni kuwa kaka ana mkono mwepesi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefunga cherehani mapema, nikaenda kwa fundi bunduki. Mzee mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. (Uzi mbovu. Nimemwahidi mwingine.)

Nimemwambia nataka bunduki isiyotesa. Hakucheka. Akapanga miche mitatu ya sabuni uani, akaipiga yote. Nne na nusu: tundu jembamba, safi, kidonge kimetokea upande wa pili. Hicho kina mbio, akasema, kinakwenda moja kwa moja, lakini ukikosea kidogo kinapita kama mgeni asiyekaa. Tano na nusu: tundu pana, kidonge kimebaki ndani. Sita na ushei: mche umepasuka.

Nikamwambia basi ni kama sindano. Kitambaa ndicho kinachochagua sindano. Hariri na turubai huwezi kuzishona kwa namba moja. Akafurahi sana huyo mzee! Ila akaninyooshea kidole: "Lakini sindano nzuri haimfundishi fundi kushona. Kichwa, bwana. Hakuna mtutu utakaokutubia dhambi ya kulenga vibaya."

Kaniambia nijaribu kwanza ya kaka.

Jumatano, 10 Septemba

Kaka kaniazima. Nimetoka baada ya alasiri. Sungura wawili, hatua arobaini na kitu. Wote wawili puu, chini. Hakuna kilio. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Halafu nikakimbia na kisu.

Wa kwanza nimemkuta macho wazi, hayatazami. Nikamgusa jicho kwa unyasi — hakupepesa. Nikaweka mkono kifuani: kimya. Nimekata koo hata hivyo. Damu imetoka kijiko kimoja, nyeusi, mvivu. Mguu haukurusha teke. Wa pili vilevile. Vibudu! Vimekufa kabla ya kisu. Nimevifukia kwenye kichuguu, nikarudi mikono mitupu.

Na nimekimbia. Mimi, nina miguu miwili mizima.

Kaka alivunjika goti miaka mitatu iliyopita, alipoanguka kwenye ngazi. Anatembea kwa fimbo. Ndipo aliponunua hiyo sita na ushei.

Sitaki kuimaliza hesabu hii.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeimaliza. Roho inatoka, halafu ndipo mguu wa kaka unafika. Miaka mitatu.

Nimemrudishia bunduki, nikamuuliza taratibu, tukiwa wawili tu. Huwa anawawahi vipi kabla hawajafa?

Kwanza: "Nawawahi." Kisha: "Koo si nakata? Kisu kina saa?" Nikaitazama fimbo yake. Ndipo akawaka. Eti mimi ndiye mwenye huruma sana, sungura asiumie — ila Mama aumie, sawa? Mama anakula, analala, anamwombea yeye dua. Nataka nimnyang'anye hata hilo?

Nikamwambia kaka, hicho ni kibudu. Unamlisha mama yetu kibudu.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Na yule wako aliyelia robo saa ndiye halali, eh? Hongera, Sindano."

Nikarudi kwenye cherehani. Nimeshona mfuko wa suruali kinyumenyume, ikabidi niufumue.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala nimemngoja imamu mpaka watu watoke. Sikumtaja kaka. Nilisema "mtu mmoja". Imamu akatabasamu — watu wote wa namna hiyo huitwa mtu mmoja.

Amesema wanavyuoni wana maneno marefu juu ya bunduki. Lakini hivi vidonge butu yeye havimtulizi moyo: kilichokufa kwa kishindo, kikiwa hakikuwahiwa na kisu, tukiache. Kikiwa na roho, kichinje ule. Na aliyekula bila kujua hana lawama.

Hapo nikapumua. Mama hana lawama! Basi kwa nini nimwambie? Halafu nikakumbuka kuwa anayejua sasa ni mimi.

Nikamuuliza la pili. Ukimpiga ili abaki hai, umwahi? Akakunja uso. Kumtesa kiumbe kwa makusudi nako utaulizwa. Akavaa viatu vyake, akaongeza, "Kwani ni lazima uwinde?"

Huyo hajawahi kumpikia Mama.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika hapa kwa kuwa haoni mtu ila Mwenyezi Mungu, naye alishaona. Jana nilichukua ile nne na nusu yangu, nikalenga mguu. Mguu! Makusudi. Kidole kikawa kwenye kifyatulio, sungura anatafuna zake. Nilisema moyoni: atalia kidogo, nitamwahi, atakuwa halali.

Sikufyatua. Astaghfirullah. Nilikaa chini nikakitoa kidonge bundukini.

Jumatano, 17 Septemba

Fundi bunduki kaichukua ya zamani, nami nimeongezea pesa. Nimetoka na tano na nusu.

Nilimweleza shida yote bila aibu. Akafikiri, miwani mkononi. Akasema ukimpiga sungura kichwani sawasawa, akili inazimika palepale, hajui kitu. Lakini moyo hubaki unapiga kidogo. Nikamdakia maneno: kama cherehani! Mguu umeuondoa kwenye pedeli, gurudumu bado linazunguka. "Basi we fika kabla halijasimama," akasema.

Kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa mtutu. Ilikuwa hatua. Miaka minne napiga kutoka mbali kama mwoga. Sita na ushei kwa karibu itampasua, na uzito wake unanichezesha mkono. Nne na nusu sitaki kuiona. Tano na nusu, hatua kumi na mbili, kisu kiko nje tayari. Nimepiga vizibo vya soda mpaka giza likaanza. Kumi, nikakosa kimoja. Haitoshi. Nitarudia.

Alhamisi, 18 Septemba

Vizibo ishirini. Ishirini!

Ijumaa, 19 Septemba

Alhamdulillahi.

Nimelala kifudifudi tangu alfajiri, umande umepenya mpaka tumboni, siafu mmoja kaniuma pasipoandikika. Nilimwacha aniume. Sungura akaja mwenyewe mpaka hatua kumi na moja. Tiki. Akalala bila sauti. Kufumba na kufumbua niko naye — mkono kifuani, moyo unapiga! Bismillahi, na ulimi mwepesi. Damu imeruka nyekundu. Hakulia, hakuogopa, hakujua. Nimelia mimi.

Kesho nampikia Mama mimi mwenyewe.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama kaonja. Kaweka kijiko chini.

"Mbona nyama yako nyeupe hivi?" Nikasema imetoka damu vizuri, Mama. Akatafuna tena, akatikisa kichwa. Haina ile ladha. Ya kaka yangu ni nyeusi, nzito, unajua umekula nyama. Kisha akaninong'oneza, kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto kama kajikojolea: "Mwanangu, huyu ulimchinja kweli? Ulimwahi?"

Mimi!

Nikaapa. Akasema usiape, usiape, nimekusikia. Lakini bakuli akalisogeza pembeni.

Hapohapo kaka kaingia, fimbo yake ko-ko-ko, ana wawili mkononi. Koo zimekatwa vizuri, mstari mmoja. Amewalaza kwenye benchi. Miguu yao imekakamaa kama mikasi, manyoya ya kooni makavu, hayana damu — hata kipofu angejua. Mama uso ukachanua. "Afadhali umekuja, baba. Hebu mfundishe mdogo wako kuchinja, maana hiki alichonipikia kinanitia shaka."

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama fimbo yake. Nilidhani atasema neno. Nilimngoja, wallahi nilimngoja.

"Nenda kachukue kisu," akasema. "Nikuonyeshe."

Nikaingia chumbani. Nimekaa kitandani naandika. Nikisema, Mama atajua miaka mitatu amelishwa nini na nani, na hatakula tena kutoka mkono wowote wa nyumba hii, wala wangu. Nisiposema, jioni wale wawili wanaingia sufuriani. Na leo hatakuwa anajua mtu mmoja tu, tutakuwa tunajua wawili.

Mama ameita. Nasikia anaosha ubao wa kukatia.

Ameita tena. Kaka amejibu kwa niaba yangu: "Mwache, Mama, bado anakitafuta kisu."

Kisu kiko hapa, kimelalia ukurasa huu ili usijifunge.