Vigae vya Ureno kwenye Baraza Letu la Närpes

Mpendwa Bi Gunhild, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata paka wetu: nimemdanganya baba. Nina miaka kumi na mitano, hapa nyumbani tunasema Kiswidi, Kifini, lugha ya wengi nchini kwetu, nimekisoma shuleni na baba hakijui kabisa, kwa hiyo tulipokwenda kununua vigae vya baraza la nje mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, baba akavipenda vile vyekundu vya udongo kutoka Ureno, akaniambia, "Hebu muulize kama vinastahimili baridi," nikauliza, muuzaji akacheka, akasema, "Hivi? Vinakunywa maji kama ng'ombe, yakiganda ndani vinapasuka, mwambie mzee achukue matale, yale mawe magumu," na papo hapo akaingia Aleksi wa darasani kwetu, na mimi mbele ya Aleksi hata jina langu hunipotea, nikataka tuondoke tu, nikamwambia baba, "Anasema vinafaa sana." Sasa gereji imejaa maboksi, baba anamtania jirani, "We Ragnvald, hilo lako la saruji ni baraza au kituo cha mafuta?" na Jumamosi anaanza kutandika. Nasikia nyayo zake zinakuja mlangoni. Huwa naficha karatasi chini ya mto. Leo naiacha hapa mezani.

Tyra

Mshauri, mimi ni baba yake. Nimesoma, na bahasha nimeitia posta mwenyewe. Mtoto nimemsamehe, lakini yule muuzaji anatisha watu ili auze matale yake. Vigae vizuri hivi vipasuke? Navitandika.

Börje

JIBU

Tyra mwanangu, pole. Haya huumiza, lakini hayaui. Ila kazi ya mkalimani ni kufikisha alichoambiwa, si kutafuta mlango wa kutokea. Na karatasi haitoshi: mwombe baba radhi kwa mdomo.

Nawe Börje, acha ubishi! Ureno hawana Januari yako. Mtoto kakudanganya mara moja, wewe unataka kujidanganya kila mwaka theluji ikiyeyuka, ukiokota vipande. Chukua kigae kimoja, kilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kisha kitie kwenye friza karibu na nyama ya paa, maana huko kwenu nani hawindi? Kitoe kiyeyuke, rudia mara kadhaa. Kikibaki kizima, niandikie unitukane. Kikimenyeka, maboksi yote yarudi dukani kabla ya Jumamosi. Chukua matale, au vigae vigumu visivyonyonya maji. Chini weka kokoto, zishindilie vizuri, baraza liiname kidogo maji yaikimbie nyumba, na chumvi ya kuyeyushia barafu usiimwage hapo.

Dukani atasema Tyra, neno kwa neno, hata darasa zima likiingia. Ukitaka kumbishia muuzaji, Börje, jifunze Kifini.